Watu wa Reli

Treni ilipotoka Jinja, Eucabeth alipakata leso aliyofungia udongo wa kaburi la mumewe, akatega sikio. Mbele yake wanaume wawili walikuwa wakibishana.

"Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa nchi," alisema Siraje, muuza nguo wa Mbale. "Ilikuwa na reli, posta, hata ndege."

"Nchi gani hiyo haina askari?" Gidudu akacheka. Chini ya utawala ule wa kijeshi, neno askari likanyamazisha behewa zima, naye akashusha sauti. "Bwana, nchi ni ile inakubali maiti yako."

Eucabeth akaikumbatia leso. Mumewe Apollo, fundi wa reli, alikufa mwezi ule ule Jumuiya ilipovunjika. Afisa wa Uganda alisema maiti ni ya Kenya. Wa Kenya akasema marehemu alikuwa wa Jumuiya. Wavuvi wa Masese, ufukweni Jinja, wasiomjua, ndio waliomzika.

"Na wewe mama, nchi yako gani?" Siraje akamuuliza.

Apollo alikuwa na jibu lake la miaka yote. Eucabeth akaliazima. "Sisi ni watu wa reli."

Tororo, karibu na mpaka wa Kenya, abiria wa Mbale walishuka kubadili treni. Eucabeth akabaki ameketi peke yake, akingoja safari ya Kenya iendelee kama zamani.

"Shuka, mama," mlinzi akamwambia. "Siku hizi reli inaishia hapa."