Daktari wa Paka Mwenye Majina Matatu

Baada ya miaka thelathini na minne katika maabara yetu ya mifugo hapa Üsküdar, Daktari Nezahat Tuncer anatundika koti lake jeupe tarehe 30 Juni. Alitukuta tukipima damu. Anatuacha tukipima na mkojo, jambo alilolipigania huku wenzake wakimcheka.

Siku hizo ugonjwa wa figo za paka uligunduliwa maji yakiwa yamekwisha mwagika. Nezahat alishikilia kwamba mkojo husema mapema: figo ikianza tu kuumia, protini fulani huvujia humo, wakati damu bado inaonyesha mambo shwari. Alianza na mashine moja kuukuu iliyomtii yeye peke yake. Sisi wengine ilituzimikia makusudi.

Kisha vikaja vichupa vitatu vya mkojo kutoka mtaa wa nyuma ya soko: cha Paşa, paka wa Bahattin mwokaji, cha Duman, wa kinyozi, na cha Limon, wa fundi viatu. Vyote vilionyesha figo zimeumia. Habari ilivuja kabla hatujafunga mlango, na lawama ikamwangukia Gülizar, muuza maua wa pale kwenye kona, maana mayungiyungi aliyouza ni sumu kwa paka. Hata sisi wengine tuliamini. Wenye maduka wakamwambia aondoe ndoo zake kabla ya Ijumaa. Kona ile aliirithi kwa mama yake, wala hakuwa na pengine pa kwenda.

Nezahat aliyatazama majibu, yamefanana kila tarakimu, akaguna: "Paka watatu hawakojoi mkojo mmoja." Akawaita wote waje na paka wao kwa pamoja. Bahattin alifika amembeba Paşa kifuani. Wenzake walikuja na vikapu vitupu, wakilalamika kuwa paka wao hawaonekani.

"We Bahattin, umemwiba Duman wangu?" kinyozi akafoka.

"Duman gani? Huyu Paşa!"

"Acheni wazimu nyie," fundi viatu akasema. "Limon, njoo kwa baba."

Paka akageukia ukutani.

Kwetu paka wa mtaa ni wa kila mtu, na hilo tulilisahau siku tuliyolihitaji. Nezahat akauliza: paka huyu mmoja alipokuwa akichechemea, nani alimpa dawa ya maumivu? Mikono mitatu ikapanda. Kila mmoja alimpa dozi kamili kila siku, kwa mapenzi tu, na dozi tatu za dawa ile huua figo. Maua hayakuwa na kosa. Kwa kuwa mkojo uliwahi kusema, paka alitibiwa akapona.

Nezahat hakuwaruhusu warudi madukani. "Kwanza mkamwombe radhi Gülizar," akawaambia, "na msiende mkanunua ua moja tu!" Walimaliza ndoo zote.

Tangu hapo kila aletaye kichupa huulizwa kwanza paka wake ana majina mangapi.

Daktari wetu naye ana wenyewe wengi: mume anamtaka bustanini Yalova, binti anamtaka Izmir, na sisi hatujakubali kumwachia. Tumgawane kwa kiasi jamani, tusimzidishie dozi. Ahsante, Nezahat. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha.

Asubuhi hii tumekuta meza yake imefunikwa maua. Hayana kadi. Lakini hamna yungiyungi hata moja, na sote tunajua yametoka kona gani.