Simu 163 za Mama Laini

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Laini, alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali alikofanya kazi baba yetu. Alikuwa mtoto wa pili kati ya sita. Mimi ninayesoma ni mdogo wake wa kumfuata. Familia imeniomba niandike kwa upole, na kwa habari za marehemu nitakuwa mpole. Wapo wengine nitakaowataja ambao wasitarajie upole wangu leo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1969 na kumaliza sekondari mwaka 1979. Hakuwa wa kwanza darasani, wala hakuwa wa mwisho. Walimu walimpenda kwa sababu ya sauti yake. Wakati wengine walisoma kwa kupiga kelele, yeye alisoma taratibu na mtoto wa dawati la mwisho akasikia kila neno. Mwaka 1983 alipata cheti cha uopereta wa simu, na tarehe 2 Januari 1984 akaajiriwa katika hospitali kubwa ya mji wetu, kwenye chumba kidogo chini ya ngazi, chenye kiti kimoja, feni moja na swichibodi ya kuunganishia simu, yenye laini themanini. Hapo ndipo lilipotoka jina la Mama Laini. Wengine walidhani anaitwa hivyo kwa sababu ya simu, wengine kwa sababu ya ulaini wa maneno yake. Mwenyewe alikuwa akisema, "Chukueni mnalolitaka, yote ni yangu."

Kuna mzee mmoja ambaye hadi leo akituona barabarani hutusimamisha kutusimulia. Mkewe alikimbizwa hospitali kujifungua, yeye yuko kazini mbali, hajui hata wodi. Alipiga simu hospitali kuuliza. Dada akamwambia, "Usikate, baba. Nashika laini." Alipigia wodi moja baada ya nyingine, kumi na moja kwa jumla, huku kila mara akirudi kumwambia bado anatafuta. Mwisho akasema, "Ni msichana, kilo tatu na nusu. Mama yake anasema usisahau soksi." Msichana huyo sasa ni mhandisi wa maji.

Mwaka 1986 swichibodi iliharibika. Akaletwa fundi umeme, akatengeneza hitilafu ya nusu saa kwa siku tatu nzima. Mkuu wa ofisi alipomuuliza kulikoni, fundi akajibu kwamba nyaya ni nyingi. Yeye na dada walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Desemba mwaka huo huo. Mungu aliwajalia watoto watatu. Shemeji yetu alitangulia mbele ya haki mwaka 2009, na dada akabaki akiwalea na kuwasomesha peke yake bila kumpigia mtu magoti.

Tarehe 30 Juni 2013 hospitali ilifunga mashine inayopokea simu yenyewe. Dada alipunguzwa kazi akiwa na miaka hamsini na mmoja, baada ya miaka ishirini na tisa na nusu. Pamoja na barua akapewa kiinua mgongo na kuponi ya vikao sita bure kwa mshauri wa kazi, ambaye mwenyewe alitaka aitwe Kocha.

Ofisi ya Kocha ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vigae. Ilikuwa na maua ya plastiki yaliyopuliziwa manukato, na Kocha mwenyewe alivaa viatu vyenye ncha kali. Kikao cha kwanza alimwambia mwanamke aliyezika mume na kusomesha watoto watatu afumbe macho, achague yeye ni mnyama gani. Dada akasema, "Mwanangu, mimi ni opereta." Kocha akacheka, akaandika kwenye daftari: tatizo la mtazamo.

Vikao vitano vilikwenda hivyo. Hakufundishwa kompyuta, hakuandikiwa hata barua moja ya maombi. Cha sita kilikuwa cha kumvusha korido, mlango wa pili, kwa mshauri wa fedha. Baadaye tulikuja kujua kwamba huyo ni shemeji yake Kocha. Mmoja alikuwa akikushika bega kukupa pole huku mwenzake akikupekua mfuko. Mshauri alichora mstari unaopanda juu kwenye karatasi, na dada akaweka kiinua mgongo chake chote kwenye kitu walichokiita Mfuko wa Kesho.

Kabla ya kutoka, karani wa mapokezi alimpa fomu ya maoni ya wateja. Ilikuwa na nyuso tano, kuanzia unaocheka hadi unaolia. Dada alitia alama kwenye uso wa katikati, akaandika: "Chai ilikuwa nzuri, lakini mengi sijaelewa."

"Mama, hapa tunaweka zinazocheka tu," karani akamwambia. "Bila hivyo kompyuta haikubali."

Wiki mbili baadaye picha yake ilikuwa imebandikwa ukutani, karibu na lifti. Chini yake waliandika: "Nzuri! – Mama, mstaafu." Walichukua neno moja kutoka kwenye sentensi ya chai. Huo ni wizi, na sioni haya kulisema mbele ya jeneza.

Hawakuishia hapo. Walikuwa wameisikia sauti yake. Februari 2014 Kocha akampa kazi, akisema ana dhahabu kooni. Alikaa kwenye meza yenye simu na karatasi iliyochapwa, akawa anawapigia watu waliopunguzwa kazi ili waweke pesa kwenye Mfuko wa Kesho: "Mimi ni mteja kama wewe. Nilikuwa na hofu kama wewe. Leo nalala usingizi." Dada aliamini alichokuwa akikisoma, kwa kuwa kila mwezi alionyeshwa karatasi ya pesa zake zikikua. Mtu wa kwanza aliyempigia yeye nilikuwa mimi. Nilikuwa nimetoka kuuza kiwanja. Niliposikia sauti ya dada yangu sikuuliza swali hata moja, nikaweka pesa yote.

Mwezi Novemba, mbeba wagonjwa wa zamani wa pale hospitali alimpigia simu yeye mwenyewe. Mkewe alihitaji upasuaji, na kila alipoomba pesa yake aliambiwa asubiri robo ya mwaka. Dada akaenda mlango wa pili kuuliza. Mshauri wa fedha alikuwa anajisafisha kucha kwa pini. Hakuinua hata uso.

"Mama, wewe kazi yako ni kuongea," akasema. "Si kuuliza."

Akatoka. Pale mapokezi akamkuta karani anakula karanga, ana rundo la fomu za maoni mbele yake, analamba kidole, anatia alama kwenye nyuso zinazocheka, moja baada ya nyingine. Juu ya fomu yalikuwa majina ya watu ambao miadi yao ilikuwa ya wiki ijayo.

Dada alichukua mkoba wake na daftari alimokuwa akiandika kila namba aliyoipiga, kama alivyozoea hospitalini. Alifika nyumbani akasukutua mdomo kwa chumvi. Binti yake mkubwa akamuuliza kama jino linamuuma. Akajibu, "Siyo jino, mwanangu. Nina mate ya watu mdomoni."

Namba zilikuwa mia moja sitini na tatu. Kuanzia tarehe 5 Januari 2015, kila siku baada ya chakula cha mchana, alikaa mezani akawapigia wote kwa vocha zake mwenyewe. Binti yake alikuwa akimsikia kutoka jikoni: "Mimi ndiye niliyekupigia mwaka jana. Nilichokuambia si kweli. Nenda kachukue pesa yako leo, usikubali kusubiri. Na unisamehe."

Wengine walimtukana matusi ambayo hayafai kusomwa hapa. Wengine walimkatia. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alimwambia, "Mimi sikuwaamini wao, mama. Nilikuamini wewe." Siku hiyo dada hakuweza kupiga simu nyingine. Kesho yake aliendelea.

Watu arobaini na mmoja waliwahi kutoa pesa zao kabla ofisi haijafungwa mwezi Mei. Mbeba wagonjwa alikuwa mmoja wao. Dada hakupata chake. Alipeleka malalamiko kituoni na daftari lake mkononi, akaambiwa jalada linafanyiwa kazi, na miaka tisa sasa bado linafanyiwa kazi. Kocha na shemeji yake walifungua upande wa pili wa mji kwa jina jingine. Walihama hata na maua yao ya plastiki.

Mimi pia sikupata changu, na kwa miaka miwili sikusema na dada yangu. Naliandika hili kwa sababu yeye hakulisema kwa mtu yeyote. Mwaka 2017 mke wangu alinichoka, akaniambia, "Dada yako alikudanganya bila kujua, halafu akakupigia kukuambia ukweli huku akijua utamchukia. Wale waliokula pesa yako wamekupigia mara ngapi?" Nikachukua kofia yangu nikaenda. Alinifungulia mlango, akasema tu, "Umekonda. Ingia ule."

Mwaka 2020 figo zake zilianza kushindwa. Kuanzia Agosti 2021 alisafishwa damu mara mbili kwa wiki katika hospitali ile ile aliyoitumikia, na alipofika getini walinzi wa zamani walisimama. Siwezi kusema kwamba watu wale walimuua. Daktari ameandika figo. Ninachojua ni kwamba zipo wiki alizokwenda mara moja badala ya mbili kwa kukosa nauli na malipo, na kiinua mgongo chake kilikuwa kimejenga ghorofa ya mtu mwingine. Aliaga dunia Jumanne, tarehe 9 Aprili 2024, saa nne asubuhi, mikononi mwa binti yake mkubwa. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Juzi lililetwa shada la maua nyumbani. Utepe wake uliandikwa: "Kwa balozi wetu mpendwa." Ndani yake ilichomekwa kadi: ushauri wa mirathi kwa wafiwa, kikao cha kwanza bure. Binti yake mkubwa alilibeba shada lile mwenyewe, akavuka mji mzima, akaliweka juu ya meza ya Kocha na shemeji yake na kuwaambia, "Mama hakuwa balozi wenu." Hakusubiri jibu.

Mama Laini ameacha watoto watatu: mfamasia, fundi wa kuchomelea vyuma na mwalimu wa chekechea, wakwe wawili, wajukuu watano, na sisi ndugu zake wanne tuliobaki.

Tangu asubuhi naona watu wamesimama kule nyuma, karibu na ukuta, ambao familia haiwajui. Mmoja ameniambia yeye ni yule mwalimu. Mwingine ni mbeba wagonjwa, amekuja na mkewe. Wengine wameniambia namba zao tu, kwamba walipigiwa simu. Ndugu zetu, hapo siyo mahali penu. Tunaomba msogee mbele, mkae na wafiwa.

Dada, umesema uliyotakiwa kuyasema. Pumzika sasa, kwa amani.