Salamu za Mkwe Hazimo Kitabuni

Katika basi la uwanja wa ndege nilikaa nyuma ya mama mshonaji aliyeshika kitabu cha Kiitaliano cha wasafiri. Binti yake ameolewa Italia na amejifungua, na kesho mama ataonana na mkwewe, mama wa mume wa binti, kwa mara ya kwanza. Niligeukia dirishani kwa heshima, masikio nikayaacha palepale.

"Salamu ni moja tu, buongiorno," alimlalamikia jirani yake wa kiti, fundi viatu. "Ukigeuza ukurasa, kinauliza polisi wako wapi. Mkwe nimsalimie neno moja kama mpita njia? Si ataona mwanangu hana kwao!" Fundi akafunua mbele. "Mbona yapo mengi, mama? 'Farasi wako amekula kofia yangu.' 'Kinyozi amenikata sikio.'" Mama akaguna: "Huyu mwandishi alikwenda matembezini au vitani?"

"Wewe mshike mkono, utabasamu, useme hiyo ya farasi polepole," fundi akamshauri. "Salamu ni uso." Mama akamtazama. "Siku ya kwanza, baba, nimshitaki farasi wake?" Fundi hakutetereka: "Kuliko kumkodolea macho?"

Mama akakichukua kitabu, akaanza kukariri ya farasi. "Na akinijibu je?" akauliza basi lilipokuwa likisimama. "Mpe ya kinyozi." "Thubutu!" akasema mama, akashuka na sanduku lake, akinong'ona ile ya farasi na kofia kwa sauti ya mtu anayeulizia afya ya wajukuu.