Mama Nyuki na Ua la Asubuhi Moja

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Mama Nyuki atafunga mlango wa nyumba ya kioo ya bustani yetu ya mimea kwa mara ya mwisho na kukabidhi ufunguo. Nimeombwa niandike wasifu wake mimi, mlinzi wa lango, labda kwa sababu ndimi niliyemfungulia kila asubuhi.

Aliajiriwa kama mfagiaji. Bwana bustani mkuu wa wakati ule alipoona anavyopangusa majani kama anayepangusa uso wa mtoto, akamhamishia ndani ya kioo, mahali ambapo ukungu hauondoki, mwanga ni wa kijani, na mtu akikaa kidogo husahau alichofuata. Humo akakabidhiwa kipande cha mvanila kisichozidi shubiri mbili. Huo ni mmea utambaao, asili yake misitu ya mvua ya mbali, na nyuki waliozoea kuuchavusha walibaki hukohuko kwao. Ua lake hufunguka asubuhi moja tu; jua likipanda, limekwisha. Asipokuwapo mtu wa kulichavusha kwa mkono, halizai. Ndiko lilikotoka jina la Mama Nyuki.

Kwake kulikuwa na sheria moja: huingii bila kubisha hodi. Siku moja mkurugenzi aliingia na wageni wenye tai, wakarudishwa mlangoni, wote wakabisha hodi mbele ya majani. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka walipofika kwangu langoni.

Kwa miaka sita mmea ule ulipanda tu, majani matupu. Mkurugenzi akasema usipozaa mwaka ule, ung'olewe, mahali pake pawekwe miche ya kuuza. Mama Nyuki alipanda ngazi, akaiteremsha ncha ya mmea ikaning'inia, maana alikuwa amegundua kwamba mvanila unaopanda bila kikomo husahau kuchanua. Kikatokea kichala chenye matumba matatu. Mawili yakadondoka.

La tatu lilifunguka asubuhi ambayo mumewe, fundi saa, alikuwa anaingizwa chumba cha upasuaji. Simu ya langoni ikalia. Mama Nyuki alikuwa anapiga kutoka hospitali, sauti ndogo lakini imetulia, akaniuliza kama ua limefunguka. Nilikwenda mbio, nikarudi nikamwambia limefunguka, la manjano hafifu kama alfajiri. Nikamwambia pia kwamba mikono yangu ni ya makufuli, si ya maua.

"Chukua kijiti cha meno," alisema. "Inua kile kiulimi cha ndani taratibu, kama unamfunua mtoto aliyelala uone homa imeshuka. Kisha bana kwa kidole gumba, uache."

Nikafanya.

Kesho yake alifika, macho mekundu kwa kukesha. Ua lililoshindwa hudondoka; lile lilikuwa limenyauka lakini limeng'ang'ania kikonyo chake. Kisha akaniambia kwamba mumewe ameamka, na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza ni saa ngapi. Hapo ndipo alipokaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia.

Tunda likakomaa baada ya miezi tisa, na mkurugenzi hakutaja tena kung'oa. Leo mvanila huo umeizunguka nyumba nzima. Watunza bustani kumi na mmoja wamejifunza kazi mikononi mwa Mama Nyuki, na katibu muhtasi wetu, aliyeweka tunda moja kwenye droo, karatasi zake zikanukia, anaapa kwamba barua zake hujibiwa haraka kuliko za idara nyingine yoyote.

Mama Nyuki, tunakushukuru wewe, na tunamshukuru fundi saa aliyemvumilia mke anayeondoka kabla ya jua. Tunakutakia afya, nyumba yenye vicheko, na asubuhi ndefu zisizo na haraka. Lala mpaka jua likuguse miguu, dada yetu. Maua ya kesho tutayaamkia sisi.