Makosa ya Délice, Mistari Kumi

Benchi letu pale Mulongwe, kando ya mto, lilikuwa la shule. Mafuriko ndiyo yaliyolileta, yakalitupa mbele ya thermos za Mama Gloriose muuza kahawa, na kwa kuwa hakuna shule iliyokuja kulidai, tukalikalia. Wakati ule watu wa Bijombo, kule milimani, walikuwa wakishuka kila wiki kukimbia vita, magodoro kichwani, na ONG moja, shirika la misaada, ikatufanya sisi wa benchi kuwa Comité ya kuwapokea. Tukagawiwa vyeo, T-shirt na mhuri mmoja. ONG ikaenda zake, vyeo tukabaki navyo. Jean-Berchmans ndiye Prezida. Tunamwita Atelier kwa sababu amehudhuria semina arobaini na moja, na vyeti vyake vyote anatembea navyo kwenye mfuko wa plastiki. Rénovat tunamwita Tout-Terrain: aliendesha gari la ONG miezi mitatu tu, lakini ukimsikia utadhani alilinunua. Mimi ni Cachet, kwa kuwa mhuri unakaa kwangu, na nina mwandiko mzuri. Nilifundisha shule ya msingi miaka kumi na minane. Sekretari ni binti mmoja, Délice. Kazi yote ya komite aliifanya yeye, sisi tukinywa kahawa.

Siku hiyo alifika saa nane mchana, anahema, mkononi karatasi moja ndani ya bahasha.

— Bapapa, munisaidie. Masta yangu inabakiza karatasi moja tu. Université ya kule inataka komite yangu iandike mazuri yangu na makosa yangu, halafu Prezida asaini. Leo njo siku ya mwisho, na cyber inafunga saa kumi na moja.

— Sasa weye iko unaenda wapi? akauliza Atelier.

— Ku école, kwenye bakimbizi banalala. Asubuhi kulifika familia kumi na ine, hakuna mwenye aliwaandika. Nitarudi saa kumi na nusu. Ni hii karatasi moja, Papa Cachet, usiimwagie kahawa.

Akaondoka mbio. Tukaitazama ile karatasi kana kwamba mtu ameacha nyoka pale mezani kwa Mama Gloriose.

Nisifiche: niliona wivu. Masta yenyewe ni masomo ya miaka miwili, ng'ambo, ya watu wanaotaka kufanya kazi ya kusaidia wengine maisha yao yote na kulipwa kwa hilo. Bourse, yaani ufadhili, inalipa ndege, chumba na chakula. Mwaka juzi niliiomba mimi, kwa siri, nikajibiwa kwa mistari miwili. Sasa mtoto niliyemfundisha kushika kalamu ndiye aliyebakiza karatasi moja.

Tout-Terrain ndiye aliyeanza.

— Masta ya kusaidia batu! Kusaidia muntu nako kunasomewa? Mama yangu alilisha avenue muzima, hakuwa hata na certificat.

— Weye hauelewe, akasema Atelier, akigusa mfuko wake wa vyeti. Iko masomo muzito. Mwaka ya kwanza banafundisha kupanga viti kwa duara. Mwaka ya pili, kubandika karatasi ku ukuta bila kuitoboa.

— Miaka mbili ya viti?

— Viti iko na siri yake, bwana.

— Prezida, minye niliendesha bale batu. Kuko leçon ya kulia. Banakufundisha kutoa machozi ya jicho ya kushoto peke yake, upande wa kamera. Ukitoa ya yote mbili, umeanguka mutihani.

Mama Gloriose alikuwa anasuuza vikombe, akadakia:

— Na maji ya chupa? Banakunywa nusu, banaacha nusu. Ile nayo iko leçon?

— Ile iko ya mwisho kabisa, akasema Tout-Terrain. Ile ukiipita, banakupatia gari.

Neno gari likatushika. Kila mmoja alikuwa analiona: jeupe, bendera mbele, Délice nyuma. Mimi nililiona hadi vumbi lake.

— Atapita hapa, akaendelea Tout-Terrain, atashusha kioo vidole mbili hivi, aseme bonjour, apandishe. Minye najua. Kile kioo njo minye nilikuwa nafungua.

— Heri weye atakusalimia, akasema Atelier. Minye atanihesabu. Minye Prezida! Ataandika: mwanaume moja, muzee, maji hana, choo hana. Atanipiga picha nimeshika kikombe, na kule bazungu batalia.

— Jicho ya kushoto.

— Yote mbili! Minye naliza yote mbili!

Hapo Tout-Terrain akasogea mbele, sauti akaishusha, kwa kuwa askari wawili walikuwa wanapita.

— Nitawaambia kintu. Vita hii haiishe ju ya hizi masta. Hesabuni. Kila mwaka banatoka batu elfu, banasoma vita tu, bana diplome ya vita. Siku vita inaisha, bale batu batakula wapi? Njo banairefusha.

— Kwa hiyo Délice njo atairefusha? akauliza Mama Gloriose.

— Akifika kule, atafanya nini ingine?

Ilikuwa saa tisa. Nikaitoa karatasi kwenye bahasha. Ilikuwa na visanduku viwili, cha juu cha mazuri ya mwombaji, cha chini cha makosa yake, kila kimoja mistari kumi. Nikauliza tuanze wapi. Hakuna aliyehitaji kufikiri.

— Chini, wakasema wote.

Nikafungua kalamu ya wino. Atelier akakohoa kama yuko semina.

— Andika: hana heshima. Siku ya bageni minye nilisimama, nikasema familia mia tatu. Yeye akanyoosha mukono mbele ya batu yote: "Prezida, ni mia moja na kumi na tisa." Bageni bakaandika mia moja na kumi na tisa!

Nikaandika kwa Kifaransa safi: Huwasahihisha wakubwa wake hadharani kuhusu idadi.

— Na shemeji yangu, akasema Tout-Terrain. Alimukata ku liste.

— Shemeji yako iko anakaa wapi? akauliza Mama Gloriose.

— Kavimvira, hapa hapa mujini.

— Alikimbia nini?

— Alikimbia bibi yake. Lakini alikimbia!

Nikaandika: Hawasaidii jamaa za wenzake.

— Minye pia nina yangu, akasema Mama Gloriose, na kikombe akakiweka kwa kishindo. Haketi. Tangu benchi hii ifike, yule mutoto hajamaliza kikombe moja hapa. Anakunywa amesimama, anaacha, anakimbia. Kahawa yangu iko mubaya?

Nikaandika: Haketi.

Wakaendelea. Kwamba hacheki mizaha ya Prezida. Kwamba alirudisha kwa ONG mafuta ya gari yaliyobaki, dumu zima, na Tout-Terrain aliliona kwa macho yake likirudishwa, na mpaka leo halali vizuri. Kwamba hujibu maswali ya wazee wa mlimani kwa lugha yao, halafu sisi wa benchi hatujui wamesema nini. Niliandika yote, mengine yakila mistari miwili, na mwandiko ulikuwa mzuri sana. Wivu una mwandiko mzuri ukipewa nafasi.

Kosa la saba sikumuuliza mtu. Mwezi mmoja kabla, watu wa pande mbili zilizokuwa zinapigana kule juu walishuka siku moja, wakafika shuleni saa ileile. Kila mtu wa mtaa alisema watengwe, au wa upande ule warudishwe. Délice aliwapanga kwenye daftari moja kwa jinsi walivyofika, jina la huyu likafuata jina la yule. Tulisema ameleta vita uani. Mimi nilisema kwa sauti kuliko wote. Vita haikuja, na hilo sikumsamehe. Nikaandika: Hachagui watu.

— Bado mustari ngapi? akauliza Atelier.

— Moja.

— Andika: hatarudi.

— Prezida, hiyo haijatokea.

— Iko kosa ya kesho. Andika.

Nikaandika: Hatarudi. Kisanduku kikajaa, hata pembeni nilikuwa nimebana maneno. Tukaegemea nyuma, tumeridhika kama watu waliolima shamba. Mama Gloriose akatumiminia raundi nyingine.

Ndipo akaja mama mmoja, mguu wake mmoja umefungwa kitambaa, anatembea polepole. Alisema anaitwa Nkeshimana, alishuka kutoka Bijombo siku nne zilizopita, na anamtafuta yule binti wa daftari.

— Atarudi sasa hivi, nikamwambia. Keti, mama. Ulikuwa na shida gani?

— Siko na shida tena. Nilikuja kumuambia aksanti. Tulipotezana na mama yangu mu njia. Ule binti aliona jina ya mama mu daftari ya Kalundu, kwenye banapokea batu bengine, akanituma kule jana. Mama yangu iko muzima.

Akaketi mwisho wa benchi. Akaiona karatasi, jinsi chini palivyojaa wino.

— Hii iko ya nani?

— Ya huyo binti. Anaomba kwenda kusoma, akasema Atelier kwa sauti ya Prezida. Komite inatoa mawazo yake.

— Minye sijui kusoma. Munisomee.

Tukaangaliana. Atelier akatazama mto. Tout-Terrain akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Mwalimu ni mwalimu, nikasoma, nikigeuza kwa Kiswahili mstari kwa mstari.

— Huwasahihisha wakubwa hadharani kuhusu idadi.

— Eeh, akasema Nkeshimana, akitikisa kichwa. Hapo kweli. Sisi alituhesabu mara mbili, hata watoto wenye balilala.

— Hawasaidii jamaa za wenzake.

— Kweli kabisa. Minye hakunijua, na alinisaidia.

— Haketi.

— Tangu niko pale sijamuona anaketi, mutoto wa batu.

Nikaendelea. Sauti yangu ilikuwa inapungua. Nilipofika Hachagui watu, alinishika mkono kidogo, akasema:

— Muliandika muzuri sana. Mungu ababariki. Njo yeye kabisa.

Ya mwisho, Hatarudi, niliisoma kwa haraka. Nkeshimana akaweka kidole kwenye kisanduku cha juu.

— Na hapa mbona iko nyeupe?

— Hapo ni pa kuandika mazuri yake, nikasema.

Akanitazama mimi, akamtazama Prezida, akarudi kwenye karatasi. Hakuwa anatucheka. Alikuwa ameshindwa kuelewa kweli.

— Sasa mazuri yake iko gani?

Atelier, mwenye vyeti arobaini na moja, akaanza kupekua mfuko wake. Tout-Terrain aliuliza saa. Nilitafuta neno moja la kuweka pale juu, moja tu ambalo hatukuwa tumelitumia chini, nikalikosa. Aibu ilinipanda shingoni, ya moto, na chini ya aibu wivu ulikuwa bado uko, umekaa palepale.

— Anakuja, akasema Mama Gloriose.

Délice alikuwa anatoka upande wa daraja, daftari kifuani, nusu anatembea nusu anakimbia. Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini. Karatasi nyingine haikuwapo, na wino haufutiki. Nikashika kalamu, na katika kisanduku cheupe chenye mistari kumi nikaandika maneno matatu ya Kifaransa, Voir plus bas, yaani tazama hapo chini. Nikampa Atelier. Akasaini bila kusoma, ndivyo anavyosaini kila kitu. Nikagonga mhuri.

Délice aliichukua, akaisoma amesimama. Aliisoma yote, sisi tukiangalia miguu yetu. Kidole chake kilishuka mstari kwa mstari, kikasimama kwenye wa mwisho.

— Hii ya mwisho, nani alisema?

— Komite, akajibu Atelier kwa sauti ndogo.

Nilidhani ataichana. Aliikunja vizuri, akairudisha ndani ya bahasha, na macho yake yalikuwa na maji, yote mawili.

— Aksanti, bapapa, akasema. Daftari nakuachia weye, Papa Cachet. Kuko familia mbili hazijaandikwa.

Akakimbia kuelekea cyber. Nkeshimana akasimama na mguu wake mbovu, akimwita amshukuru, lakini yule alikuwa keshapita kona.

Nikabaki na daftari mapajani. Nilikuwa nasema moyoni wampe, wampe, ameistahili kuliko mtu yeyote wa mji huu. Na kwa pumzi ileile nilikuwa nasema wamkatae, abaki hapa na sisi. Mama Gloriose akainamisha thermos juu ya kikombe changu. Hakikutoka kitu.

— Imeisha, akasema.

Nikainuka, nikaenda shuleni kuandika majina.