Maji Yaliyotiwa Mashine ya Rugerero

Ndugu waombolezaji, anayewasomea maisha ya Vénantie Nishimwe ni mdogo wake Sano, mtunza sakristia, naye anaanza kwa kuungama kwamba tarehe 3 Aprili mwaka huu alitia maji ya baraka, yenye chumvi iliyobarikiwa, katika mashine mbili alizotunza dada yake, na alipoulizwa alikana.

Marehemu alizaliwa Goma tarehe 14 Machi 1988, akarudi Gisenyi na wazazi mwaka 1995, akasoma hapa hadi akapata diploma ya umeme mwaka 2008, na tarehe 20 Agosti 2011 akafunga ndoa takatifu na Onésphore, fundi cherehani, Mungu akawajalia Ingabire na Gatete.

Mwaka 2021 alikabidhiwa mashine zinazogeuza gesi ya hidrojeni kuwa umeme wa minara ya simu, moja Rugerero, nyingine Nyakiriba, ukuta kwa ukuta na kituo cha afya. Alipenda kueleza kwamba ndani kuna utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, nao ni kama Petite Barrière, kivuko chetu cha mpakani kwenda Goma, ioni, zile chembe zenye umeme, zinavuka zikibebwa na maji, gesi yenyewe inabaki ng'ambo, utando ukikauka unapasuka, ukifurika unasongwa, na chumvi ikiingia inakalia nafasi za ioni, haitoki, mpaka utando unaoza. Bon, Sano aliyasikia hayo mara nyingi, lakini dada alipokuwa mafunzoni Kigali akamtuma kuongeza maji safi ya mvuke, yasiyo na chumvi, mlio wa ile mashine ulimtia hofu, akaona baraka haiwezi kudhuru.

Baada ya wiki mbili umeme wa Rugerero ulianza kushuka, marehemu akaifungua mashine, akafunga, akafungua tena, akamtania mdogo wake kwa kumwita padri wa mabidoni ya maji, akamuuliza mara mbili alitia maji gani, na mara mbili Sano akasema ni yaleyale aliyopewa.

Tarehe 5 Mei, saa nne asubuhi, utando ulikuwa umekwisha kutoboka, gesi imejaa chini ya bati, alipobonyeza swichi moto ukamlipukia, akalazwa, akafariki tarehe 9 Mei alfajiri, akiwa bado anauliza ni wapi alipokosea.

Familia inawashukuru madaktari waliomfunga vidonda bila kuchoka, majirani walioleta kuni na unga, na wenzake wa kazini waliobeba jeneza. Pumzika kwa amani, dada, kosa halikuwa lako.

Na wewe Mbabazi, mlinzi wa Nyakiriba, uliyeketi pale mlangoni, umetuambia asubuhi hii umeme wa kwenu umeanza kushuka: mashine yako ilitiwa maji yaleyale. Usiguse swichi. Funga koki ya gesi kwenye mitungi ya nje, uwatoe wagonjwa wa kituo cha afya, nenda sasa, usingoje tuzike.