Chupa Iliyobaki Imejaa

Nilichokiona kwanza ni chupa ya maji, imejaa, mkononi mwa kijana aliyekauka midomo. Alikuwa mpiga mbizi, miwani yake ya kuzamia ikining'inia shingoni. Kwenye kivuko alikaa kati yangu na mzee mwenye magongo.

"Mbona hunywi, mwanangu?" mzee akauliza.

"Nguo ya kuzamia tunavaa kwa zamu, mzee. Nikiikojolea, wenzangu watanibandika jina."

"Mimi waliniita Jangwa. Sikunywa, sikukojoa, nikazama mara nne kwa siku bila kupumzika. Hewa iliyojikusanya mwilini ikatoka kama mapovu ndani ya damu, na ukavu wa mwili ukazidisha madhara. Miguu ndiyo hii."

Kijana akacheka kidogo, huku akijikanda bega.

"Linauma tangu lini?" mzee akauliza.

"Jana, baada ya mbizi ya tatu. Nimelilalia vibaya tu."

"Hata mimi nilisema nimelalia vibaya. Hapo maji peke yake hayatoshi, mwanangu. Nenda hospitali, usizame leo."

"Nimekusikia, babu," akajibu, na hiyo ni namna ya adabu ya kukataa.

Kivuko kikagusa gati. Kijana akainuka, chupa ingali imejaa, akasimama mbele yangu akingoja nimpishe. Nikakunja miguu, akapita.

Kaka yangu pia aliniambia bega linamuuma. Nilimchua kwa mafuta, nikamfungia chakula, akaenda kuzama. Hakurudi. Usiende, kaka, nikamwambia kijana moyoni, naye keshashuka gatini.